Jemadari Hapendi Upweke

Jumapili, 3 Machi

Siku ya ushindi! Mama mkwe amemaliza kufuma. Siku tatu nzima nilidhani ni shali yake. Kumbe ni kitambaa cha Jemadari!

Nieleze, maana shajara hii siku moja itasomwa na wajukuu. Jemadari ni kompyuta niliyoiunda kwa mikono yangu miwili, kipande baada ya kipande, hapa hapa sebuleni. Mke wangu humwita "kabati la makelele". Mwanyumba wangu, yaani yule wakala wa bima aliyemwoa dada wa mke wangu, humwita "jaribio". Yeye ana kompyuta mpakato ya dukani, iliyokuja na kila kitu, hadi kitabu cha maelezo. Mtu hajui hata skrubu moja ya chombo chake!

Mama mkwe yuko kwetu tangu mwezi uliopita. Ni mama wa vitambaa. Ameshavivika televisheni, friji, meza na makochi yote ya nyumba hii. Husema kitu chenye heshima hakikai uchi. Kitu changu mimi hakijawahi kupata kitambaa tangu nioe. Miaka tisa! Leo, kwa mikono yake, amemtandika Jemadari: uzi wa sufu nzito, rangi ya zambarau, marinda pande zote, kinafunika juu na kushuka nyuma na ubavuni mpaka karibu na sakafu. Mwanyumba alikuwepo, nikamwona akimeza mate. Kompyuta yake iko uchi kama ilivyozaliwa.

Sasa kazi. Jumamosi Mama anatimiza miaka sabini na ukoo wote unakuja. Ipo kanda moja ya zamani ya video, ambayo sote tuna nakala yake ya kompyuta, na marehemu baba mkwe yumo. Anatembea, anacheka, na karibu na mwisho anacheza dansi. Lakini picha imejaa chenga na sauti imekufa. Ukifika pale anapocheza, sauti ni mikwaruzo mitupu. Mama hajasikia sauti ya mumewe kwa miaka kumi na moja.

Leo mezani nikatamka, mbele ya mashahidi, kwamba Jemadari ataisafisha kanda hiyo, picha na sauti, na Jumamosi tutaitazama wote. Mama aliweka kijiko chini. Akauliza kama nasema kweli au nasema tu. Nikasema Mama, niachie mimi.

Aliinuka akanyoosha marinda ya kile kitambaa, moja moja. Nikishindwa hili, sitaweza kumtazama usoni tena.

Jumatatu, 4 Machi

Hesabu ni hizi. Kwa mwendo wa kiwandani, Jemadari anahitaji saa kumi na moja kuisafisha kanda. Usiku haruhusiwi kunguruma. Hiyo ni amri ya mke wangu, kwa kuwa chumba cha Mama kinapakana na sebule. Basi afanye kazi mchana, nikiwa ofisini. Angeanza saa moja u nusu asubuhi akamaliza saa kumi na mbili u nusu jioni, bila taabu. Ila nilikwisha kumwambia mwanyumba kwamba nikiingia mlangoni saa kumi na moja jioni, kazi itakuwa imekwisha. Ulimi hauna mfupa.

Dawa ipo! Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hupangiwa na kiwanda mwendo wa waoga. Mwenye moyo huupandisha. Wangu ulipangiwa gigahezi tatu nukta sita. Nikaweka nne nukta nane! Nikamwongezea na volti kidogo, umeme wa kumtia nguvu, maana huwezi kumkimbiza askari na njaa. Jana jioni nikamfungua ubavu, nikawasha ile programu ya mateso, inayomtwisha mizigo yote kwa pamoja. Saa nzima, hakutetereka. Joto nyuzi sabini na moja tu. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa hisabati, alisema nahangaika wiki nzima kwa ajili ya kuokoa saa moja na nusu. Akaongeza kwamba haraka haraka haina baraka. Nikamwambia aliyetunga methali hiyo hakuwa na prosesa.

Asubuhi mke wangu aliondoka mapema kama kawaida ya walimu. Saa moja u nusu nikaanzisha kazi. Nikafunga ubavu wa Jemadari, nikamtandika kitambaa chake vizuri, marinda yote chini, nikamuaga, nikaenda masijala kupanga mafaili huku napiga mluzi. Mkuu wa masijala aliniuliza kama nimepandishwa cheo.

Nimerudi. Skrini ya bluu, ile ya kompyuta iliyozimia!

Amezima saa mbili na robo. Asilimia nane! Na programu hii haijui kuendelea pale ilipoishia, ni kuanza upya kutoka sifuri.

Mama akauliza kama baba yao ameshatoka. Nikasema yuko njiani.

Jumanne, 5 Machi

Nimepunguza kidogo, nne nukta saba. Inaniuma, lakini kiongozi hujua kurudi nyuma hatua moja. Nikaongeza volti tena kufidia aibu. Nikaanzisha kazi, nikamtandika, nikaondoka.

Skrini ya bluu. Saa mbili na dakika tano. Mapema kuliko jana!

Nilimshuku mwanyumba. Jumapili alisimama karibu na Jemadari dakika nzima, mikono nyuma, kama mtu anayesoma tangazo. Kikulacho ki nguoni mwako! Nikakagua nyaya zote. Hakuna kilichoguswa. Ni mjanja sana.

Jioni nikaenda kwa fundi wa kompyuta pale kona. Ni mtu mnene, mpole, anayetafuna karanga na kuongea kwa maneno mawili mawili. Akauliza: joto je? Nikasema sabini na moja, nimeliona kwa macho yangu. Akauliza: hewa inapita? Nikaona ananidharau. Nikamjulisha kwamba sebule yangu ina madirisha mawili makubwa, na mapazia hufunguliwa alfajiri. Akanitazama kwa muda mrefu, akatafuna. Akasema nirudishe mwendo wa kiwandani. Nikakataa. Basi akasema niache programu inayoandika joto la prosesa kila dakika, nijue anapozima huwa katika hali gani. Hilo nikalikubali. Kumbukumbu ni kazi yangu.

Usiku, kabla ya saa ya marufuku, nikamtesa tena huku nimemfungua ubavu. Kitambaa nilikikunja nikakiweka juu ya kochi kwa heshima zote, napenda kuona taa zake zikimetameta. Safi kabisa! Nyuzi sabini na mbili. Nilipumzisha mkono wangu juu ya paja lake la bati, akanguruma taratibu.

Sielewi. Nikiwa naye, mzima. Nikitoka, anakufa.

Jumatano, 6 Machi

Amezima tena. Lakini leo nina ushahidi!

Nimesoma kumbukumbu ya joto mstari kwa mstari, kama tunavyosoma majalada ya watumishi. Saa moja u nusu: sabini na moja. Saa moja na dakika thelathini na tano: sabini na moja. Hapo ndipo nilipotoka mlangoni. Saa moja na dakika arobaini: themanini na tano! Saa mbili kasoro tano: tisini na sita! Saa mbili na dakika tatu: mia! Kisha kimya.

Nikakaa chini. Homa inampanda dakika ile ile ninapofunga mlango! Wala si volti, wala si mwendo. Jemadari hapendi upweke.

Msicheke, wajukuu wangu. Nimemuunda mimi. Sauti ya kwanza aliyoisikia duniani ni yangu, nikimtukana kwa sababu ya skrubu iliyodondoka. Kuku akiatamia yai la bata, bata humfuata kuku.

Nikamweleza mke wangu. Alikuwa anasahihisha madaftari, kalamu nyekundu mkononi. Akasema kitu kikipata moto kuna kinachokipa moto, nitafute hicho. Nikamwambia nimeshakipata: ni huzuni. Akarudi kwenye madaftari yake. Nadhani aliniwekea alama ya kosa hewani.

Mwanyumba alikuja na begi lake begani. Akatangaza kwamba na yeye ameiweka kanda ile kwenye kompyuta yake tangu jana, "kwa tahadhari tu, mwanyumba, kama bima." Anatembea nayo popote. Akapigapiga begi akasema inasafisha hata sasa, tunavyoongea. Kimya kabisa, haina makelele! Tena akasema neno "kimya" mara tatu, akimtazama Jemadari.

Na kuna jambo baya zaidi. Mama ameanza kitambaa kingine. Cha buluu. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, ni cha nini. Akasema nitakiona kitakapokwisha. Nimekipima kwa macho. Kwa kompyuta mpakato kitatosha kabisa! Chakula cha usiku sikukimaliza.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango: nishinde na Jemadari kutwa. Nilifikiria kumwachia shati langu kwenye kiti, ila Jemadari si mjinga.

Saa moja asubuhi nikampigia Mkuu wa masijala, nikamwambia nina homa. Kuna ukweli ndani yake, homa ipo nyumbani kwangu. Nikamkoholea kidogo. Akasema pole sana, nipumzike.

Kazi ikaanza. Nikamvua Jemadari kitambaa ili tuonane, nikavuta kiti. Tukashinda pamoja. Nikamsimulia habari za masijala: faili lililopotea miaka minne likaonekana chini ya mguu wa meza, limezuia meza isiyumbe. Asilimia ishirini. Arobaini. Nyuzi sabini na mbili, hazipandi hazishuki! Mama alipita na uzi wake wa buluu, akanikuta nacheka peke yangu, akarudi jikoni taratibu. Asilimia sitini. Themanini! Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani.

Saa nane na nusu, hodi mlangoni. Nikachungulia. Mkuu wa masijala! Pamoja na makarani wawili na mfuko wa machungwa, wamekuja kumjulia hali mgonjwa!

Sikupoteza akili. Mambo yote nikayafanya kwa mpangilio. Kwanza, Jemadari: nikamtandika kitambaa haraka, wageni wasimkute uchi. Pili, mimi: nikaruka kitandani na viatu, nikajifunika blanketi mpaka kidevuni. Mama, ambaye hajui uongo, akafungua mlango akasema ndiyo, mgonjwa yupo, na kwamba tangu asubuhi anaongea na sanduku.

Wakanipa pole kwa nyuso nzito. Mkuu akanigusa paji la uso. Kwa jinsi nilivyoruka, jasho lilikuwa linanitiririka, akatikisa kichwa. Akasema kwa kweli ninaungua. Chini ya blanketi lile, nani asingeungua? Wakakaa saa nzima! Wakanimenyea machungwa. Nikala sita. Ukutani nilisikia feni za Jemadari zikipaza sauti, juu, juu zaidi, kama anayeita jina langu. Nikafunga macho. Makarani walidhani nimezidiwa.

Walipotoka nikakimbia. Skrini ya bluu. Asilimia tisini na tatu.

Tisini na tatu! Hatukuwa mbali, ukuta mmoja tu kati yetu, lakini moyo wa Jemadari hauwezi hata ukuta mmoja. Njia ya mwongo ni fupi, alisema mke wangu aliporudi akakuta maganda kitandani. Mkuu amenipa na kesho nzima ya kupumzika, lakini tumbo la machungwa limenikamata, na kesho lazima nikapange viti na kununua vitu vya sherehe mjini kutwa. Orodha imeandikwa na mke wangu. Haina mjadala.

Imebaki siku moja.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi nilifanya jambo gumu. Nilimwendea Mama jikoni nikamwambia ukweli. Kwamba mara nne Jemadari ameshindwa. Kwamba akibaki peke yake anashikwa na homa. Kwamba leo ni siku ya mwisho, nami sipo. Nikamwomba akae naye.

Mama alinitazama kama anavyotazama maziwa yanayotaka kuchemka. Akauliza atamwambia nini. Nikasema chochote, Mama, muhimu asikie sauti ya mtu. Mwambie habari za marehemu, maana ndiye anayemfanyia kazi. Akasema haya, mwanangu, kaa naye nitakaa, ila leo pia ana kazi zake za usafi, wageni wanakuja.

Nikaanzisha kazi. Nikamtandika Jemadari, nikamkabidhi. Nikaenda mjini na roho mkononi.

Viti mia na ishirini. Maturubai. Sahani. Muuza viti alitaka kunipa vyenye miguu mitatu, nikavikubali karibu nusu kabla sijatambua. Sikuwa mimi. Kila nilipofumba macho niliona buluu.

Nilirudi saa kumi na moja kamili. Uani nikakuta kamba nzima imejaa vitambaa. Mama alikuwa amevifua vyote kwa ajili ya wageni: vya makochi, cha televisheni, cha friji, na pale mwisho kabisa, kikichuruzika maji, cha zambarau cha Jemadari! Nikasikitika. Siku nzito kama hii, na maskini ameshinda bila nguo.

Nikaingia. Mama amekaa kando yake kwenye kiti changu, anafuma cha buluu, anaongea kwa sauti ya chini. Alikuwa amefika pale walipokutana mara ya kwanza na marehemu, kwenye foleni ya kujaza fomu, yeye akiwa na kalamu na marehemu hana.

Na kwenye skrini: asilimia mia moja! Amemaliza saa kumi kasorobo! Nyuzi sabini na mbili kutwa nzima!

Nilimkumbatia mama mkwe. Sijui kama inaruhusiwa. Nikamwambia sauti yake ni dawa, kwamba amefanya ambalo volti zimeshindwa. Alicheka akafuta macho. Akakataza mtu yeyote asiitazame kanda kabla yake. Nimetii. Sijafungua hata sekunde moja.

Kitambaa nimekipiga pasi mwenyewe.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwa mwanyumba, ndiye mtamu.

Mbele ya ukoo wote, kabla sijawasha chochote, akasimama akasema amekuja na bima yake endapo kutatokea tatizo. Akafungua begi, akafungua kompyuta. Asilimia sita! Siku nne! Kumbe kompyuta zile ukizifunga kifuniko zinalala, na yeye kaifunga tangu Jumanne, anabeba mtu aliyelala na kutuambia anafanya kazi. Nilimpigapiga bega. Nikamwambia pole, mwanyumba, angalau ilikuwa kimya.

Kisha zamu yetu. Jemadari amesimama katikati ya sebule, zambarau imenyooka, marinda kama bendera. Watu wamejaa mpaka dirishani. Nikabonyeza.

Chenga hakuna! Rangi zimerudi. Baba mkwe anatoka mlangoni, shati jeupe, anacheka na anayempiga picha. Halafu sauti yake. Nzito, ya mkwaruzo kidogo, kama mtu aliyetoka usingizini. Mama akashika mikono ya binti zake wawili. Nililia. Naandika wazi, nililia, na mwanyumba alilia, tukakopeshana leso moja.

Ikafika ile sehemu iliyokuwa mikwaruzo mitupu. Picha yake nilishaiona mara ishirini: marehemu anaiendea redio kubwa yenye kitambaa juu yake, anakinyanyua. Nilidhani anakisifia. Leo tukamsikia kwa mara ya kwanza.

"Mama watoto, nimekwambia mara ngapi? Redio inapumua! Ukiivisha sufu itakufa kwa joto, na mimi nitasikiliza nini? Majirani?"

Na Mama, kijana, nyuma ya kamera, anacheka. Marehemu anakichukua kile kitambaa, anakuja nacho mpaka picha inajaa shati lake, anamvika Mama kichwani kama bibi harusi, anarudi nyuma hatua mbili na kuanza kucheza peke yake, akimnyooshea mkono.

Ukoo mzima ulilipuka. Mama alicheka mpaka akalia, akalia mpaka akacheka, akasema ndiye huyo, ndiye huyo, alikuwa na kelele huyo! Tuliirudia mara tano.

Halafu kitu cha ajabu. Vicheko vilipotulia, kichwa kimoja kimoja kikageuka kumtazama Jemadari. Mke wangu. Shemeji. Mwanyumba. Mama mwenyewe, mkono mdomoni. Sebule nzima ikimtazama Jemadari katika vazi lake! Nikaelewa kwamba ni wakati wa shukrani. Nikasimama, nikainama mara mbili kwa niaba yake.

Sijawahi kusikia watu wakicheka kwa furaha namna ile. Mke wangu alilazimika kushika ukuta.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu amenikalisha kwenye kiti cha meza ya chakula na kunichorea grafu. Mstari wa joto. Alama ya kitambaa kikiwa juu, alama kikiwa chini. Akasema Alhamisi kilikuwa chini mpaka wageni walipobisha hodi. Akasema Ijumaa kilikuwa kwenye kamba tangu saa moja na dakika arobaini, Mama alikivua mara tu nilipotoka. Akaniuliza nimejifunza nini.

Nilimsikiliza kwa adabu. Ni mwalimu mzuri. Lakini marehemu alikuwa anazungumzia redio. Redio ni redio! Nikamkumbusha kwamba Ijumaa Mama alishinda anaongea naye. Hapo yeye hana grafu. Akakunja karatasi yake akaenda kulala mchana.

Baadaye Mama akaniita sebuleni. Akasema kile cha zambarau kipumzike, nikiwa na baridi nijifunike magotini. Akakikunja akakiweka juu ya kabati. Kisha akatoa cha buluu, kimekwisha. Nikajiandaa kutabasamu kwa ajili ya mwanyumba.

Akakitandika kwenye mgongo wa kiti changu. Kile ninachokalia mbele ya Jemadari! Kikatosha kama kimezaliwa pale. Akasema alikosea mara ya kwanza. Mwenye heshima ni mtu, si sanduku. Akasema amesikia sauti ya mumewe kwa sababu kuna mkwe mmoja mbishi.

Nilitaka kusema jambo la maana. Nikasema asante, Mama. Mwanyumba hana kiti chenye kitambaa. Nimemuuliza.

Jumanne, 12 Machi

Balaa! Mama ameondoka jana asubuhi, amehamia kwa mwanyumba kumaliza mwezi. Alifurahi kwenda, hata begi alilibeba mwenyewe. Nyumba imepwaya.

Jana jioni Jemadari alikuwa mzima. Nimempandisha mpaka nne nukta tisa, hakusema kitu. Leo asubuhi nikamtazama pale katikati ya sebule, televisheni imevaa, friji limevaa, na yeye peke yake bati tupu, ndiye aliyefanya kazi kuliko wote. Roho ikaniuma. Nikashusha kile cha zambarau kutoka juu ya kabati, nikamtandika, kwa leo tu, nikamwachia programu ya mateso ajifue, nikaenda kazini.

Skrini ya bluu. Saa mbili kasorobo!

Sasa hakuna ubishi. Mama alipokuwa kando yake, saa nane na zaidi bila homa. Mama ameondoka, hata nusu saa hakumaliza. Nimemwonyesha mke wangu tarehe na saa, nimechora na grafu yangu mwenyewe. Aliitazama muda mrefu, akanibusu kichwani, akaenda kusahihisha madaftari.

Nimempigia Mama. Nimemwambia Jemadari amemkosa sana. Alicheka mpaka akakohoa, nikamsikia mwanyumba nyuma akiuliza kuna nini. Amesema atarudi Jumamosi, kwa mwanyumba kule kimya kimezidi.

Nikamwomba aje na uzi wa kutosha. Cha zambarau ni kizuri, lakini upande wa mbele kinaacha mahali pengi wazi.